Bomba la Moshi la Bibi Anatolia

Jumatatu, 2 Desemba 2024

Wazo kubwa! Limenijia asubuhi nikikoroga uji. Uji umeungua.

Habari zenyewe ni hivi. Mtihani wa kidato cha nne umekwisha mwezi uliopita, matokeo bado. Nipo hapa Ihembe kwa Bibi Anatolia, aliyenilea tangu darasa la kwanza, baba na mama wakiwa Geita dukani kwao. Babu Rwegasira alifariki Julai. Tangu matanga yaanuliwe Bibi anashinda jikoni kwenye moshi. Anakohoa. Akitoka nje macho ni mekundu kama ya mtu aliyesaga pilipili.

Jana Shangazi Agnetha alipiga simu kutoka Kayanga. Alisema moshi ule utamuua mama yake. Atakuja kabla ya Krismasi alione jiko kwa macho yake, na akikuta moshi anamchukua Bibi akakae kwake kwenye jiko la gesi. Nyumba itafungwa. Bibi aliitikia tu kwa lugha ya kwetu, “Ee, waitu,” basi, akanirudishia simu.

Bibi kuondoka! Haiwezekani. Kwa hiyo, wazo.

Nimeona video ya watu wa nje wanaosafisha njia za hewa majumbani. Kwao kuna mabomba makubwa yamepita juu ya dari. Wanaingiza brashi ndefu na mashine ya kunyonya vumbi, wamevaa sare na barakoa. Mwisho mwenye nyumba anavuta pumzi na kutabasamu. Kazi ya kitaalamu! Hapa kwetu hakuna mabomba darini. Nyumba nyingi hata dari hazina. Lakini kuna mabomba ya moshi! Kikundi cha akina mama wa kanisa kilijengea karibu kila nyumba jiko la matofali lenye bomba la bati, na tangu siku ile hakuna aliyeyagusa. Yamejaa masizi. Ndiyo maana la Bibi halivuti.

Nitakuwa mtaalamu wa kwanza wa njia za hewa Karagwe nzima. Labda na Kyerwa. Nitaanza kwa majirani nipate uzoefu, nimalizie kwa Bibi. Shangazi atakosa la kusema.

Tatizo ni moja. Itabidi niongee na watu.


Jumatano, 4 Desemba

Vifaa vipo tayari. Mwanzi mrefu. Kamba ya katani. Brashi niliyoitengeneza kwa gunia na vijiti. Sare: gauni la shule nililoligeuza ndani nje. Barakoa: kipande cha kitenge.

Nimefanya mazoezi ya kujieleza mbele ya kuku. Habari za asubuhi, mimi ni mtaalamu, na kadhalika. Kuku walisikiliza mpaka mwisho. Jogoo tu ndiye aliyeondoka.

Nikaenda kwa Mzee Ildefonsi, mzee wa kanisa. Nikasema shikamoo. Akasema marahaba. Hapo maneno yote yakanipotea. Mke wake akafikiri nimetumwa kusaidia, akaniwekea beseni la senene mbele yangu. Nimenyonyoa mbawa na miguu mpaka jua la utosi. Nilipoaga aliniuliza kama nilikuwa na neno. Nikasema hapana, nilikuja kusalimia tu. Wakanisifu sana. Walisema wasichana wa siku hizi hawana adabu kama yangu.

Nimerudi na senene kwenye kikombe. Si malipo ya utaalamu, lakini Bibi kala kidogo.


Ijumaa, 6 Desemba

Mbinu mpya: tangazo! Tangazo halihitaji kuongea. Nimeandika kwa wino mwekundu juu ya boksi: HUDUMA YA KITAALAMU YA KUSAFISHA NJIA ZA HEWA NYUMBANI. PUMUA UPYA. MUULIZE VERO. Nikalifunga alfajiri pale njia panda, nikajificha kwenye mibuni nione wateja.

Kosa kubwa. Njia panda ndipo penye karakana ya Cleophace, fundi bati. Akalisoma kwa sauti, kama anasoma risala, mbele ya vijana wa bodaboda. Akauliza hapa nani hewa yake chafu ajitokeze. Akasema Rwegoshora aoshwe wa kwanza, jana amekula maharage. Rwegoshora akasema yeye hewa yake ni ya asili, haina haja ya mtaalamu. Walicheka mpaka mmoja akaketi chini.

Kisha Cleophace akasema mabomba yote ya hapa ameyakata yeye kwa mikono yake, na kama kuna wa kuyasafisha basi ni yeye. Mshindani! Sikuwa na kampuni hata wiki, na tayari nina mshindani.

Ningetoka kwenye mibuni nikamjibu. Lakini siafu walikuwa wamenipanda miguuni, na kutoka ningelazimika kutoka nikirukaruka. Nikavumilia.


Jumamosi, 7 Desemba

Mteja wa kwanza! Mama Hirwa, jirani yetu. Jina lake ni Anonciata, wazazi wake walitoka Rwanda zamani, mume wake alifariki Hirwa akiwa mdogo. Alikuja mwenyewe. Alisema amesikia nasafisha, basi njoo usafishe, mwanangu, usikae tu unaumauma kucha.

Nilivaa sare. Nilifunga barakoa. Niliingiza mwanzi kwa chini, nikasukuma juu kwa nguvu zote. Masizi yakatoka kwa juu kama kundi la nzige. Ajabu! Bomba likabaki linang'aa.

Nje kulikuwa na kamba ya nguo. Mama Hirwa ndiye mfuaji wa kanzu za kwaya, na kesho ni Jumapili ya Majilio. Kanzu zilikuwa nyeupe. Zilikuwa.

Mama Hirwa alikaa kwenye kinu akazitazama. Nilisubiri anipige. Alisema tu, “Hee, Vero, malaika wa kwetu watakuwa wa rangi ya chui.” Kisha akanipa maparachichi.


Jumapili, 8 Desemba

Tulizifua jana mpaka giza. Madoa hayakuisha, yalitawanyika. Leo kwaya ilisimama na kuimba habari za mavazi meupe. Mchungaji akavua miwani, akaifuta, akairudisha.

Ndipo Bibi alipocheka. Alijifunika kitenge mdomoni, mabega yakitikisika. Mara ya kwanza tangu Julai! Nilifurahi hadi nikasahau aibu yangu.

Kisha mabega yakaendelea kutikisika, lakini kicheko kilikuwa kimekwisha. Akajifuta macho kwa pindo la kitenge. Machozi, ndani ya kanisa, mahali pasipo na jiko! Nahisi hewa ya kanisani nayo ni chafu. Nikipata ujasiri nitamwendea mchungaji, anaweza kuwa mteja mkubwa.


Jumanne, 10 Desemba

Nimezungumza na Bibi kuhusu bomba lake. Kwa Bibi sioni aibu, kwa hiyo nilijieleza vizuri kuliko hata kwa kuku.

Amekataa! Alisema ndizi za kukamulia juisi ya lubisi ziko kichanjani juu ya jiko, zinaivishwa kwa ajili ya Krismasi, na bila moshi zitabaki kijani mpaka Pasaka. Nikamkumbusha anavyokohoa. Akasema kikohozi ni chake, hajakiazima kwa mtu. Nikamkumbusha macho. Hapo akainama kuchochea kuni na kusema, “Liache bomba, mjukuu wangu. Halina shida na mimi.”

Kwenye video walieleza kwamba wateja wengi hawalijui tatizo la nyumba zao. Bibi ni mteja wa namna hiyo hasa.

Keshokutwa anakwenda Bweranyange kumwona dada yake mgonjwa. Atalala huko. Mungu yupo upande wa wataalamu.


Alhamisi, 12 Desemba

Siku ya ushindi. Mikono inaniuma, mwandiko huu ni wa mkono mchovu.

Bibi kaondoka asubuhi. Nikaingiza mwanzi. Haukupita. Nikasukuma. Ukagoma kabisa. Nikapanda juu ya bati (mara mbili niliteleza, mara moja nilisema neno ambalo sitaliandika) nikashusha jiwe kwa kamba. Likatua juu ya kitu laini.

Si masizi! Nilichokoa mpaka kikaanguka jikoni. Furushi la majani makavu ya mgomba, limekunjwa vizuri, limefungwa kwa kamba ya mgomba, limekaa pale kama kizibo cha kibuyu. Kuna mtu kaziba bomba la Bibi kwa makusudi!

Namjua. Anakata bati. Jina lake linaanza na C.

Basi nikasafisha kila kitu. Bomba. Kuta. Kichanja. Mlango. Nilisugua kwa mchanga na majivu mpaka matofali yakaonekana rangi ambayo sikuwahi kuijua. Kigoda cha Babu, kile kilichokuwa kikikaa upande wa kulia wa jiko, kilikuwa cheusi na kimelainika kwa kukaliwa. Nacho nikakisugua. Chini ya weusi ule kuna mti mweupe kabisa, kama umechongwa leo! Hakuna atakayejua kwamba kuna mtu aliwahi kukikalia. Nimejivunia sana.


Ijumaa, 13 Desemba

Nimemwendea Cleophace kumshtaki. Nililibeba furushi kama ushahidi. Njiani nilikuwa simba.

Nilipofika nikasema shikamoo, ingawa ananizidi miaka michache tu. Nikamuuliza habari za mama yake. Akasema hajambo. Nikamuuliza habari za mbuzi wao. Kisha nikalinyoosha furushi bila maneno.

Akaligeuza. Akauliza nimelitoa wapi, dada mtaalamu. Nikasema, kwenye bomba la Bibi, kana kwamba hujui. Hakucheka. Alisema fundo lile si la fundi bati, ni la mtu aliyefunga maganda ya migomba maisha yake yote. Akasema nikamuulize bibi yangu, tena nimuulize polepole.

Mjanja sana! Anamsingizia mama mzee. Nani aliwahi kuona mtu akijizibia moshi jikoni mwake?

Alitaka kuniambia neno lingine, akaliacha. Nikamwona hana hoja. Nikaondoka kwa heshima, mpaka nilipojikwaa kwenye mabati yake.


Jumamosi, 14 Desemba

Bibi karudi. Nilimfumba macho kwa mikono yangu, nikamwingiza jikoni, nikafumbua.

Nikamsubiri atabasamu kama mwenye nyumba wa kwenye video. Akatazama kuta. Akatazama juu. Kisha akainua kigoda, akakigeuzageuza, akauliza, “Hiki ni cha nani?”

Kimekuwa kipya hivyo! Nikamwambia ni cha Babu. Akasema, “Aa.” Akakirudisha upande wa kulia wa jiko.

Tukawasha moto. Moshi ukapanda kwenye bomba wima kama askari. Hakuna hata uzi mmoja uliobaki ndani. Niliweza kuona uso wa Bibi kuanzia upande huu wa jiko hadi ule, jambo ambalo sijaliona tangu Julai. Nikapiga makofi.

Naye machozi yakawa yanamtoka vilevile. Akageukia ukutani kumenya ndizi. Nafikiri ni vumbi la matofali. Kesho nitaziosha kuta kwa maji.


Jumanne, 17 Desemba

Matatizo ya baada ya huduma. Ndizi za kichanjani zimebaki ngumu kama mawe. Bibi anapika upesi, anatoka, anatembea kibanjani kati ya migomba peke yake, anarudi. Kikohozi kimepungua, hilo niliandike! Lakini macho ni yale yale.

Mama Hirwa alinikuta nikiosha kuta. Aliniita nje. Alisema nimwachie mama yule moshi wake. Alisema baba yake Hirwa alipofariki, matanga yakaanuliwa, wazee wakamwambia kilio kimekwisha sasa ashike jembe. Akashika jembe. Ila kila jioni alikuwa akikatakata vitunguu. Alikata vitunguu mpaka watoto wakavichoka. Aliuliza kama nimemwelewa.

Nikasema ndiyo. Kwa kweli nilikuwa nawaza kwamba vitunguu vinaacha mafuta kwenye bomba, na pengine la kwake linahitaji kurudiwa. Nilimwambia. Akanishika shavu kwa mkono wenye udongo, akasema, “Wewe mtoto, wewe,” akaenda zake.


Jumamosi, 21 Desemba

Shangazi kaja.

Nilikuwa nimejiandaa. Sare imepigwa pasi. Jikoni pamefagiliwa. Moto unawaka bila moshi. Shangazi aliingia amejiziba pua kwa leso, tayari kwa vita. Akaishusha leso. Akapitisha kidole ukutani, akakitazama, kisafi! Akasema haamini, hata jiko lake la Kayanga halijafika hapa. Akauliza nani kafanya. Nilijionyesha kwa kidole.

Akasema basi, mwenye jiko kama hili hana haja ya kuhamishwa.

Nimeshinda! Aliyasema hayo maneno. Nayaandika hapa kwa sababu aliyasema.

Kisha Bibi akaingia na sufuria. Uso wote umelowa. Alikuwa hajui kama Shangazi amekwisha kufika jikoni. Akasimama pale mlangoni, mwanga wa mchana umemwangukia, mahali pa kujificha hakuna.

Shangazi akauliza ni moshi? Akatazama huku na huku. Hapakuwa na moshi. Nikasema haraka ni vitunguu. Shangazi akatazama sufuria. Ilikuwa na maji tu.

Akauliza, “Mama, tangu lini?”

Bibi akaweka sufuria chini. Akasema tangu siku ile. Akasema wazee walimwambia kilio kimekwisha, na yeye akawaitikia, ila chake hakikuisha. Akaona mtu akikaa kwenye moshi hakuna anayemuuliza analia nini. Kwa hiyo akakunja majani, akaziba. Alisema hivyo kwa sauti ndogo, kama anaeleza namna ya kupika kitu.

Shangazi akakaa kwenye kigoda cha Babu, kile cheupe, akalia naye. Nilibaki nimesimama na mwanzi wangu. Nimeyaandika maneno ya Bibi yote, kwa sababu mtaalamu huandika malalamiko ya mteja neno kwa neno.

Walipotulia Shangazi akasema mama hawezi kuachwa hapa alie peke yake. Jumatatu wanaondoka. Nikasema lakini jiko ni safi! Sijawahi kupaza sauti hivyo. Kuku walitimka. Shangazi akasema ndiyo, Vero, ni safi, na kwa sababu ni safi ndiyo ameona.


Jumatatu, 23 Desemba

Wameondoka. Gari lilijaa: magodoro, kuku wawili, ndizi mbichi. Shangazi alitaka twende wote. Nilimwambia kuna kahawa ya kuanua na mbuzi, na mtaalamu haachi kituo. Mama Hirwa na Hirwa watalala na mimi mpaka mama aje kutoka Geita baada ya mwaka mpya. Baada ya hapo tutaona kuhusu nyumba.

Kabla ya kupanda gari Bibi aliingia jikoni peke yake. Nilimsubiri nje. Alitoka na kigoda, amekikumbatia kifuani. Akanishika kichwa na kusema nimefanya kazi nzuri, mjukuu wake, nisijilaumu, hata Babu angeshangaa. Ushuhuda wa mteja! Nitauandika kwenye tangazo.

Nilimpungia mkono mpaka gari lilipokata kona ya shule. Kisha nikaendelea kupunga, kwa sababu vumbi lilikuwa bado lipo.

Jioni Cleophace kaja. Alisimama uani anazungusha kofia. Alisema ni yeye aliyemwonyesha Bibi namna ya kuziba, mwezi Julai, hakuuliza kwa nini, na kwamba Bibi akirudi kutembea anaweza kuja kumwekea kifuniko cha bati, cha kufungua na kufunga anavyotaka. Nikamjibu kwamba kampuni yangu haifanyi kazi na washindani. Akasema sawa, dada mtaalamu. Akaacha mahindi mabichi kwenye ngazi.


Alhamisi, 26 Desemba

Krismasi imepita. Tulikula kwa Mama Hirwa. Kwaya waliimba. Kanzu bado zina madoa.

Leo mchana Mama Hirwa yuko shambani. Nimewasha moto jikoni peke yangu, nipike ndizi kidogo. Nimekaa chini upande wa kushoto. Upande wa kulia, pale kigoda kilipokuwa, sakafu ina duara dogo ambalo sikulisafisha.

Moto uliwaka vizuri. Moshi wote ulipanda juu, hakuna hata uzi uliobaki. Nilichungulia bombani nikaliona anga, kipande cha bluu kama sahani.

Na bado machozi yalinitoka! Nimejaribu kuhama upande. Nimefungua mlango. Nimetoka nje kabisa, nimesimama kwenye migomba, yanatoka tu. Nimefikiri sana na nimepata sababu. Hakuna vitunguu. Hakuna vumbi. Imebaki moja tu: bomba bado chafu. Kuna mahali sikufika.

Kesho asubuhi napanda juu ya bati. Nitalisugua upya, kwa mchanga, mpaka yaishe. Likiwa safi kabisa Bibi atarudi.